Swali la mjomba kuhusu kidonge cha kolesteroli na kuvu ya kucha

Mjomba aliingia akijishikilia ukutani. Hakuwa mtu wa kushika kuta. Hadi wiki ile, pamoja na miaka yake sitini na ushei, alikuwa akipanda ngazi huku akizungumza. Akaketi taratibu, akakanda mapaja kwa viganja, akaniambia yanamuuma kama ya mtu aliyelima siku tatu mfululizo. Kisha akainama kidogo na kushusha sauti: tangu juzi mkojo wake ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyokoza.

Mimi ni mfamasia, na maneno hayo mawili yakifuatana hunitoa jasho. Nikamwomba anionyeshe kila dawa anayokunywa. Mfukoni mwake mlikuwa na simvastatini ya miligramu 40, kidonge kimoja kila usiku, dawa ya kushusha kolesteroli aliyoitumia miaka mingi bila shida. Chini yake palikuwa na pakiti mpya ya itrakonazoli. Alikuwa ameandikiwa wiki mbili kabla, mahali pengine, kwa ajili ya kucha za miguu zilizonenepa na kugeuka manjano. Kuvu, au fangasi kama wengi tunavyosema. Hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani nyingine, na yeye hakuona sababu ya kutaja. Moyo uko kifuani, kucha ziko miguuni; zina habari gani za kupeana?

Alilazwa siku hiyohiyo. Vipimo vya damu vilionyesha misuli yake inavunjika na mabaki yake yanamwagika kwenye damu, yakielekea kuzilemea figo. Dawa zote mbili zikasimamishwa, akawekewa dripu moja baada ya nyingine, na baada ya siku kadhaa mkojo ukarudia rangi yake. Figo zilipona. Hadi leo nashukuru ninapoandika maneno hayo mawili.

Akiwa bado kitandani nilimweleza kilichotokea. Itrakonazoli ilikuwa imeufunga mlango ambao ini hutumia kuiondoa simvastatini, na simvastatini ikarundikana hadi ikawa sumu kwa misuli. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza: "Sasa mwanangu, kama dawa hizi mbili zikikutana ndani yangu zinavunja misuli, zikikutana ndani ya hiyo kuvu zinafanya nini?"

Nilimjibu kabla sijafikiri. "Zinaiua, mjomba. Zinaiua vizuri kuliko kila moja ikiwa peke yake."

Akanitazama. Mimi mwenyewe nikashtushwa na nilichosema, kwa sababu kilikuwa kweli, nilikisoma zamani chuoni na kukiacha huko. Nikarudi nyumbani kukitafuta upya. Makala hii ni jibu refu la swali lile.

Lazima nianze Japani, kwa kijana wa shamba aliyependa uyoga na ukungu. Akira Endo alizaliwa mwaka 1933 katika mkoa wa Akita. Alisoma habari za Alexander Fleming na penisilini yake, na wazo moja halikumtoka: kwamba ukungu, kitu ambacho watu hukifuta kwa kitambaa na kusahau, unaweza kutengeneza dawa. Alipokuwa mtafiti kijana alikaa New York miaka ya 1960 na kuona jinsi maradhi ya moyo yanavyoua watu huko. Mwaka 1971, akiwa katika kampuni ya Sankyo jijini Tokyo, alianza kuitafuta dawa ya kuzuia mwili usitengeneze kolesteroli, ambayo vitabu vyetu huiita lehemu.

Hakuanzia kwenye kemia ya mezani. Alianzia kwenye kuvu, na sababu yake ndiyo kiini cha kila ninachotaka kusema hapa. Endo aliwaza hivi: viumbe vingi vidogo, kuvu zikiwamo, haviwezi kuishi bila steroli, yaani mafuta ya jamii ya kolesteroli yanayoipa nguvu ngozi ya seli. Kwa hiyo kuvu inayotaka kumfukuza jirani yake kwenye chakula inaweza kutengeneza kitu cha kumzuia jirani huyo asiunde steroli zake. Kama silaha hiyo ipo duniani, basi ingeweza pia kuzuia steroli ya binadamu. Alikuwa akitafuta silaha ya vita vya kuvu kwa kuvu, ili aichukue na kuipeleka kwenye mishipa yetu ya damu.

Yeye na wenzake wachache walipima kuvu kama 6,000, moja baada ya nyingine, kwa takriban miaka miwili. Nikifikiria namba hiyo huwa nasimama. Kuotesha, kuchuja, kupima, kutupa. Kesho yake tena. Kilichowapa jibu kilikuwa ukungu wa rangi ya buluu na kijani, Penicillium citrinum, uliotoka kwenye mchele wa duka la nafaka huko Kyoto. Ndani yake mlikuwa na kompaktini, ya kwanza kujulikana katika statini, jamii ya dawa za kushusha kolesteroli ambayo simvastatini ya mjomba ni mojawapo. Walipowapa panya, kolesteroli haikushuka, na kazi yote nusura ife hapo. Walipowapa kuku wa mayai, ikashuka. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa, mwaka 1978, alikuwa msichana wa miaka 18 aliyezaliwa na maradhi ya kurithi yanayojaza kolesteroli kwenye damu. Kolesteroli yake ilishuka, lakini misuli yake ikalegea mpaka daktari akapunguza dozi. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mjomba na mapaja yake. Onyo lilikuwapo tangu siku za mwanzo kabisa.

Sasa kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Mwaka 1976, wakati Endo anatoa matokeo yake, kikundi cha watafiti wa kampuni ya Beecham nchini Uingereza nacho kilitangaza kemikali kiliyoitoa kwenye Penicillium brevicompactum. Ilikuwa kemikali ileile, kompaktini. Lakini Waingereza hawakuitambulisha kwa dunia kama dawa ya kolesteroli. Kwenye kichwa cha makala yao waliiita kemikali mpya ya kuzuia kuvu.

Kwa hiyo tunaposikia leo kwamba wanasayansi wanataka kuzipa statini kazi mpya ya kupambana na kuvu, mimi naona tumeanza hadithi katikati. Kazi ya moyo ndiyo mpya. Ya kuvu ndiyo ya zamani, ya kabla binadamu hajaanza kupimwa damu. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na hapa msemo huo unakaa kama ulivyo: kuvu ilitengeneza sumu ya kuvu. Lovastatini, statini ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa Marekani, mwaka 1987, ilitoka kwenye kuvu nyingine, Aspergillus terreus. Na ukizichunguza jeni zinazoiwezesha kuvu hiyo kuunda lovastatini, unakuta katikati yake pamewekwa jeni ya nakala ya ziada ya kimeng'enya (protini inayoendesha kazi ya kikemia ndani ya seli) kilekile ambacho lovastatini hukishambulia. Ni akiba ya mwenye silaha ili asijiue mwenyewe. P. citrinum nayo ina nakala ya namna hiyo. Kwangu hakuna ushahidi mzuri kuliko huo. Mtu hajengi ngao mbele ya kitu kisichomdhuru.

Kimeng'enya chenyewe kinaitwa HMG-CoA riduktesi. Ufikirie mto. Juu kabisa, karibu na chanzo, kuna mlango wa maji, na mlango huo ndio kimeng'enya hiki. Maji yakishapita hapo yanateremka hatua nyingi. Kwa binadamu mto unamwaga kwenye kolesteroli, kwa kuvu unamwaga kwenye egosteroli, steroli inayofanya kazi hiyohiyo kwenye ngozi ya seli ya kuvu. Statini hufunga mlango wa juu.

Dawa za kuvu tunazozitoa kila siku zinaufunga mto huohuo, ila chini zaidi. Terbinafini huufunga katikati. Jamii ya azoli, yaani flukonazoli, itrakonazoli, vorikonazoli na ndugu zao, huufunga chini ya hapo, karibu na bahari. Amfoterisini B hausumbui mto; huisubiri egosteroli ikiwa imekwisha kuwekwa kwenye ngozi ya seli, ikaishika na kuiharibu. Ukishauona mto huu huhitaji kuambiwa kwa nini statini na azoli zikiwekwa pamoja zinasaidiana. Maji yamepunguzwa juu, na kile kidogo kilichopita kinazuiwa chini.

(Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya wanaonunua dawa. Nistatini si statini. Ile dawa ya njano ya utando wa mdomoni kwa watoto wachanga haina uhusiano na kolesteroli hata kidogo. Waliigundua wanawake wawili, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakaipa jina la jimbo lao la New York. Nimewahi kuulizwa na mama mmoja kama mwanawe ana tatizo la moyo kwa sababu aliona herufi hizo kwenye chupa. Alikuwa na haki ya kuuliza.)

Mto huo una matawi pia, na tawi moja linanivutia kuliko hata egosteroli. Kabla maji hayajafika kwenye steroli, sehemu yake inachepuka na kutengeneza vishikizo vidogo vya mafuta. Seli huvibandika kwenye baadhi ya protini zake ili protini hizo ziweze kunata kwenye utando na kufanya kazi. Protini hizo ndizo huiambia kuvu iote upande gani na irefushe nyuzi zake wapi. Kuvu nyingi hutuumiza kwa nyuzi. Ndizo zinazopenya ngozi, mapafu na kuta za mishipa. Ukifunga mlango wa juu unanyima steroli na unanyima vishikizo kwa pamoja. Watafiti wa Australia waliofanya kazi na Candida glabrata, moja ya kuvu zinazoshambulia watu, waliona zaidi ya hapo. Mwaka 2007 walieleza kwamba simvastatini ilipunguza egosteroli, ikazuia ukuaji, na pia ikasababisha seli kupoteza jeni zilizomo kwenye mitokondria, vile vinu vya nguvu vya seli.

Ushahidi wa kwenye visahani vya maabara umelundikana kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1990 ilionekana kwamba lovastatini huongeza makali ya azoli dhidi ya hamira. Mwaka 1997 fluvastatini iliwekwa pamoja na flukonazoli na itrakonazoli dhidi ya Candida na Cryptococcus, kuvu inayoleta homa ya uti wa mgongo, na mara kadhaa zilifanya kazi kubwa kuliko jumla ya kila moja. Mwaka 2006 watafiti wa Houston walionyesha kwamba lovastatini inazidhuru kuvu za jamii ya Mucor na Rhizopus, zile zinazoweza kula pua, macho na ubongo wa mgonjwa wa kisukari kwa siku chache. Tena lovastatini ilipochanganywa na vorikonazoli, dawa ambayo kwa kawaida kuvu hizo haziijali, dawa hizo mbili zilishirikiana. Mwaka 2017 watafiti wa Brazil walifika kwenye panya: wale wenye Cryptococcus gattii waliopewa atorvastatini pamoja na flukonazoli waliishi zaidi.

Mtu akisoma orodha hiyo haraka atauliza tunangoja nini. Mimi pia nilijiuliza, usiku mmoja, kwa hasira kidogo. Kisha nikachukua kalamu nikapiga hesabu.

Kwenye kisahani, statini nyingi zinaanza kuizuia Candida zikifika mikrogramu kadhaa, mara nyingi makumi ya mikrogramu, kwa kila mililita. Kwenye damu ya mtu anayekunywa simvastatini kila usiku, kiasi kinachopatikana hupimwa kwa nanogramu, na huwa ni nanogramu chache hadi makumi. Mikrogramu moja ni nanogramu 1,000. Halafu sehemu kubwa sana ya hicho kidogo kilichopo imeshikana na protini za damu, haiko huru kwenda kupigana na chochote. Statini huenda kwenye ini na kubaki huko kwa wingi, na kwa kazi ya kolesteroli hilo ni jambo jema, kwa sababu ini ndilo tunalotaka litii. Lakini kuvu haiko kwenye ini. Iko kwenye mapafu, kwenye ubongo, kwenye mrija wa damu wa mtu aliyelala chumba cha mahututi.

Basi ongeza dozi? Hapo ndipo misuli ya mjomba inaingia. Kimeng'enya tunachokifunga kwenye kuvu ndicho kilekile tulicho nacho sisi, na undugu huo si wa maneno. Mwaka 1988 watafiti walichukua hamira iliyoondolewa kimeng'enya chake, wakaipa sehemu ya kimeng'enya cha binadamu, na hamira ikaishi. Kuvu si mimea. Katika ukoo wa viumbe ziko karibu nasi kuliko mti au mwani. Bakteria ni wageni kwetu. Wana ukuta na mitambo ambayo sisi hatuna, ndiyo maana tuna antibiotiki za kila aina. Kuvu ni binamu, na kumpiga binamu ndani ya nyumba yako bila kuvunja vyombo vyako ni kazi. Ndiyo maana jamii za dawa za kuvu zinazoingia mwilini zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Na ule ushirikiano mzuri wa statini na azoli? Unakutana na ini. Azoli huzuia kimeng'enya cha kuvu kinachounda egosteroli, lakini kimeng'enya hicho ni cha familia moja na vile ambavyo ini letu hutumia kuvunja dawa. Itrakonazoli, ketokonazoli, posakonazoli na vorikonazoli hukizuia kile kinachovunja simvastatini na lovastatini. Watafiti wa Finland waliwapa watu wazima wenye afya itrakonazoli kwa siku chache kisha lovastatini, na mwaka 1996 wakaeleza kwamba lovastatini ilipanda kwenye damu zaidi ya mara 20. Kwa simvastatini ongezeko lilikuwa mara 10 au zaidi. Mara 10! Fikiria mtu anayeambiwa anywe vidonge kumi badala ya kimoja, angekataa. Mjomba alivinywa, bila kujua, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Ninayo maneno kwa wenzangu wa kaunta kuhusu hili. Kuna statini ambazo hazitegemei mlango huo wa ini, kama pravastatini na rosuvastatini. Kuna njia ya kusimamisha statini kwa muda. Kuna dawa nyingine za kucha. Swali la sekunde kumi, "unatumia dawa gani nyingine?", linaokoa figo. Na kwako unayesoma huku una kuvu na una chupa ya statini ya mzazi wako kabatini: usijaribu. Kidonge hicho hakitafika kwenye kucha kwa kiasi cha kuiua kuvu, ila kwenye misuli kitafika.

Kuna pia ujanja wa kuvu wenyewe, ambao kwa maoni yangu haupewi uzito wa kutosha. Kwenye kisahani, ukiiongezea Candida iliyozuiwa na statini egosteroli au kolesteroli kidogo, inaanza kukua tena. Kwenye kisahani wewe ndiye unayeamua kuongeza. Mwilini kolesteroli imejaa kwenye damu, na C. glabrata inajua kuiokota kutoka humo na kuitumia. Unaifungia mto, nayo inachota kisimani kwa jirani. Na jirani ni wewe.

Wapo waliojaribu kutafuta jibu kwenye mafaili ya wagonjwa. Mwaka 2007 daktari mmoja wa Houston alipendekeza kwamba huenda kupungua kwa taarifa za ugonjwa wa Mucor kwa watu wenye kisukari kumetokana na wengi wao kuanza kutumia statini. Yeye mwenyewe aliliita wazo tu. Wengine wamelinganisha wagonjwa wenye Candida kwenye damu, waliokuwa wakitumia statini na wasiotumia, na baadhi ya hesabu hizo ziliegemea upande wa statini. Zinavutia. Lakini anayetumia statini mara nyingi ndiye anayehudhuria kliniki, anayepimwa sukari, anayefuatwa na daktari akikosa miadi. Ukiona ameishi zaidi hujui umsifu kidonge au daftari la kliniki.

Na tumeshaumia kwa njia hii. Setralini, dawa ya sonona, iliua Cryptococcus kwenye maabara na kuleta matumaini makubwa kwa watu wenye VVU wanaopata homa ya uti wa mgongo ya kuvu. Ikapelekwa Uganda kwenye jaribio la kweli, watu 460, nusu wakipewa setralini na nusu kidonge kisicho na dawa, wote juu ya matibabu ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Haikusaidia. Nawaheshimu sana waliofanya jaribio lile, na wagonjwa waliokubali kuingia humo zaidi, kwa sababu bila wao tungekuwa bado tunawapa watu matumaini yasiyo na mwili. Upande wa pili wa mizani kuna flusitosini. Iliundwa mwaka 1957 iwe dawa ya saratani, ikashindwa kazi hiyo, kisha ikaonekana inaua kuvu. Leo ni nguzo ya matibabu ya ugonjwa uleule ambao setralini iliushindwa. Kuhamisha dawa kutoka kazi moja kwenda nyingine si ndoto. Ila kisahani hakitoshi, na panya hatoshi.

Kwa nini basi nisiliache jambo hili? Kwa sababu foleni ya dawa mpya za kuvu ni fupi na usugu unakua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu hatari zaidi kwa binadamu, 19 kwa jumla, na kwenye daraja la juu likaziweka Cryptococcus neoformans, Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans. Candida auris ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, kutoka sikio la mgonjwa huko Japani, na sasa inazunguka hospitalini katika mabara mengi ikiwa na usugu kwa dawa moja, mbili, wakati mwingine zote tulizo nazo. Mgonjwa wa namna hiyo hana anasa ya kungoja kemikali mpya kabisa ipite majaribio ya zaidi ya mwongo mmoja. Statini zimeshajulikana: dozi zake, madhara yake, bei zake zilizoshuka, watu wasiohesabika waliozinywa. Mwaka 1994 jaribio la simvastatini kwa wagonjwa 4,444 wa nchi za Skandinavia lilithibitisha kwamba inapunguza vifo. Ni dawa inayofahamika nje na ndani, na hilo lina thamani.

Mimi matumaini yangu nimeyaweka mahali pamoja: pale ambapo dawa haihitaji kupita kwenye ini. Kwenye ngozi, mdomoni, ukeni, ule mwanya wa mara elfu kati ya damu na kisahani unaweza kuzibwa, kwa sababu unapaka dawa juu ya kuvu yenyewe. Tayari sisi wafamasia huchanganya krimu ya lovastatini kwa ajili ya ugonjwa mmoja wa ngozi wa kurithi uitwao porokeratosisi, kwa hiyo kuipaka statini ngozini si jambo geni. Na kwenye krimu hiyo huongezwa kolesteroli, ili kuirudishia ngozi kile ilichokosa. Kwa kuvu, kama nilivyoeleza, nyongeza hiyo ingekuwa kuilisha. Mtengenezaji wa krimu ya kuvu itabidi afikiri upya kuanzia mwanzo. Ningependa kuona kazi hiyo ikifanywa vizuri, kwa watu, kwa kulinganisha na krimu za azoli tulizo nazo, badala ya makala nyingine kumi za visahani.

Kucha ni habari nyingine. Ni ngumu, nene, na kuvu imejificha chini yake. Hata dawa zilizoundwa mahususi kwa kupakwa juu ya kucha hupenya kwa tabu. Kwa mjomba tuliamua terbinafini ya vidonge, wiki kumi na mbili, ini likipimwa. Statini alirudishiwa baadaye, safari hii rosuvastatini, baada ya daktari wake wa moyo kuridhika na misuli.

Nilimsimulia hadithi ya Endo kipande kwa kipande, kila nilipomtembelea. Alipenda zaidi habari ya kuvu inayojiwekea ngao. Endo alifariki Juni 2024, akiwa na miaka 90, na nilipompa habari hiyo mjomba alinyamaza kama amepata taarifa ya mtu wa mtaani kwake.

Wiki iliyopita alivua soksi kabla sijaketi. Kucha ya kidole gumba imeota safi hadi zaidi ya nusu, na ile ya manjano imesukumwa mbele, ina mstari ulionyooka mahali ya zamani inapoanzia. Aliufuata mstari huo kwa ncha ya kidole.

"Hii terbinafini," akauliza, "ilitoka kwenye kuvu gani?"

"Haikutoka kwenye kuvu yoyote, mjomba. Hiyo waliitengeneza wakemia, Vienna."

Akaitazama kucha yake kwa muda, kisha akavaa soksi.